Karate ya Kulala

Asubuhi ya Jumatano, mama yake Eliane alimpa mkono.

Kwa watu wengi hilo si neno. Unashika, unatikisa, unaenda zako. Lakini kwa Banyamulenge waliotoka milima ya Minembwe, Kongo, wakaja kusimamisha nyumba za udongo huku Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, mkono hupewa daktari, askari, na yule mtu wa shirika anayepita kuuliza kama choo kina mlango. Mtu wako humpi mkono. Mtu wako unamshika mabegani, unamvuta kifuani, unampigapiga mgongoni, unamuuliza habari za watoto, za usingizi, za waliobaki kule na za ng'ombe, na muda wote huo hujamwachia. Ng'ombe huulizwa hata kama waliibwa wote hadi ndama wa mwisho. Kuna salamu zilizoanza maharage yakiwa mabichi zikaisha yakiwa yameungua, na hakuna aliyelaumiwa.

Sasa Eliane alikuwa na miaka thelathini na mitano, watoto wawili, Ntwari na mdogo wake, na meza ya unga wa muhogo katika soko la Base Camp, na mama yake mzazi alimpa mkono kama mtu aliyekuja kuhesabu vyandarua. Tena alimsalimia kwa Kiswahili. Nyumbani kwao walizungumza Kinyamulenge. Kiswahili cha mama yake, Nyiramana, kilikuwa cha sokoni na cha polisi.

"Jambo, Eliane," alisema Nyiramana, amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya tuta la lengalenga, yaani mchicha, lililozitenga nyumba zao mbili.

"Jambo, Mama."

"Batoto balilala muzuri?"

"Balilala muzuri."

"Njo vile." Nyiramana akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge, akaingia kwake.

Eliane alibaki ameshika hewa. Iliuma. Kesho yake mkono ulitoka tena, na kesho kutwa, na ukaendelea kutoka wiki baada ya wiki, umenyooka, mkavu, na kila siku iliuma palepale.

Sababu aliijua, au alidhani anaijua, na majirani hawakuchoka kumsaidia kuijua. Sababu ilikuwa karate ya kulala.

Jina lenyewe hasa ni jiu-jitsu, ule mchezo wa Brazili, lakini Nakivale hakuna mwenye muda wa kuling'ata jina kama hilo. Aliyeuleta ni Mihigo, kinyozi kutoka Uvira, mtu mwembamba mwenye masikio yaliyokunjamana kama majani ya kabichi, aliyejifunza mchezo huo Bujumbura kabla mambo hayajaharibika huko. Jumanne na Alhamisi mchana alifunga kibanda chake cha kunyolea, akaenda kwenye jumba la zamani la kanisa, akatandika magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, akafunika turubai juu, akawafundisha wanawake. Kwa nini wanawake? Kwa sababu ndio waliokuja. Wanaume walikuja mara moja, wakaambiwa walale chali, wakakumbuka kwamba wana shughuli.

Maana mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Katika mieleka wanayoijua watu wote wa milimani, mgongo ukigusa chini umekwisha, inuka ujipanguse uende nyumbani. Katika mchezo wa Mihigo, mgongo ukigusa chini ndipo kazi inaanza. Unalala chali, unamfunga mwenzako kiunoni kwa miguu yako miwili, unaifunga miguu mgongoni kwake, naye anabaki amepiga magoti katikati kama mtu aliyeingia duka akakuta mlango umefungwa nyuma yake. Pale Mihigo alipaita garde, kwa Kifaransa, na wanawake wakapaita gardi.

"Mutu iko na mikono ngapi?" Mihigo alipenda kuuliza.

"Mbili," wanawake walijibu, wamechoka na swali hilo.

"Shingo yake inaomba mikono mbili ya kuichunga. Chini nayo inaomba mukono moja, asipinduke. Mbili na moja?"

"Tatu."

"Huu wa tatu atautosha wapi?"

Huo wa tatu hautoki popote.

"Basi usimuulize kintu kimoja. Ukimukaba tu, atachunga shingo. Ukimupindua tu, ataweka mukono chini. Mukabe, akileta mikono, mupindue. Akipeleka mukono chini, mukabe. Usiachie ukosi wa nguo yake. Unazunguka naye na ukosi mukononi mpaka achoke kuchagua."

Hayo ndiyo yaliyomshika Eliane. Alikwenda mara ya kwanza kwa kuwa jirani yake Kantengwa hakutaka kwenda peke yake, na alirudi mara ya pili kwa kuwa alifurahi, na kufurahi kulikuwa kumempotea muda mrefu. Mtu mzito yuko juu yako, anasukuma, anapumua usoni mwako, nawe huko chini unampangia mambo yake. Alikuwa akirudi nyumbani na nywele zimejaa maganda ya mahindi, anacheka peke yake njiani.

Tatizo halikuwa kukaba. Tatizo lilikuwa kuachia.

Sheria ya mchezo ni moja: aliyezidiwa anampiga mwenzake kwa kiganja, pap pap, mgongoni au popote anapofika, na aliyepigwa anaachia papo hapo. Duniani kote watu wanaielewa sheria hiyo. Mihigo hakuwa amewahi kuwafundisha Banyamulenge. Wiki ya kwanza Eliane alimkaba Kantengwa vizuri, Kantengwa akampiga mgongoni pap pap, na Eliane, aliyepigwapigwa mgongoni na kila shangazi tangu azaliwe, akafanya alivyolelewa. Alimvuta karibu zaidi, akakaza, akamuuliza habari za nyumbani. Kantengwa naye, kwa adabu, alijitahidi kujibu. Mihigo alipofika kuwatenganisha, Kantengwa alikuwa amefika kwenye habari za mkwewe na macho yamegeuka.

Baada ya hapo Mihigo aliacha mambo ya shingo kwa muda, akawafundisha kuachia tu. Waliingia wawili wawili, mmoja anakumbatia, mwingine anapiga, wa kwanza anaachia. Anakumbatia, anapiga, anaachia. Mchana mzima, na mchana wa mara nyingine, mpaka mikono ikajua yenyewe bila kumuuliza mwenye mikono.

Ilijua kupita kiasi. Kanisani, mama mchungaji alimkumbatia Eliane, akampiga mgongoni, na Eliane akafunguka kama kabati bovu. Mama mchungaji alibaki mikono imetanda, anamwangalia. Watu wakaanza kusema kwamba tangu Eliane aanze mambo yale amekuwa na maringo. Eliane alicheka, akasema ni mazoea ya mwili, yatapita. Hata mama yake aliporudi kutoka Rugaaga, ambako alikuwa amekwenda kuvuna maharage katika shamba la kukodi, walisalimiana njiani siku ile ya Jumatatu upesi upesi tu, na Eliane akaendelea na gunia lake la unga kwa sababu mteja alikuwa anangoja.

Jumanne yake ndipo Nyiramana alipokwenda hadi jumba la kanisa kumtafuta, akasimama mlangoni. Alimkuta mwanawe wa kumzaa amelala chali juu ya turubai, miguu imefunga kiuno cha mke wa shemasi. Aliangalia, akageuka, akaenda. Na Jumatano, mkono.

Eliane alijaribu yanayojaribiwa. Aliacha mazoezi wiki nzima, akahakikisha mama yake anamwona yuko nyumbani Jumanne na Alhamisi, anapepeta unga mahali peupe kabisa. Mkono. Alimpelekea samaki wa ziwani, sato mkubwa, amemkaanga mwenyewe. Nyiramana alishukuru, akala, akasema samaki alikuwa na chumvi ya kutosha, akampa mkono. Basi Eliane akarudi kwenye mazoezi. Kama mkono ni uleule, alijisemea, bora nicheze.

Kisha Mihigo akaleta habari za mashindano. Yangefanyika Jumamosi mjini Mbarara, katika ukumbi wa shule moja, na Nakivale ingepeleka watu watatu, Eliane akiwa mmoja wao. Habari zilimfikia Nyiramana kabla Eliane hajapata namna ya kuzisema.

"Minasikia unaenda kupigana mu Mbarara," alisema asubuhi, mkono wa Eliane ukiwa bado katika wake.

"Ndiyo, Mama."

"Batakuangusha."

"Inawezekana."

"Basi na miye naenda."

Eliane aliubana mkono wa mama yake. "Kuniangalia?"

"Kukuokota," alisema Nyiramana. "Mu njia ya kukimbia, batu balianguka mingi. Hatukurudi kuokota hata moja. Miye mutoto wangu hapana kulala fasi ya batu bengine na mi niko hapa ninakula maharage. Ukianguka nitakuokota."

Alinunua kitenge kipya, cha rangi ya bluu, akakikunja. Eliane alipouliza ni cha nini, aliambiwa ni cha kumfunika.

Alhamisi hiyo Eliane alimvuta Mihigo pembeni. Alikuwa na wazo. Kama mama yake anakuja, na kama ubaya wote ni kule kulala, basi acheze amesimama. Ashinde amesimama, mgongo usiguse chini, mama yake aone kwamba mwanawe hakuanguka. Pengine angefungua mikono. Eliane hakutaka medali. Alitaka kukumbatiwa, na hakuona aibu kulisema, ila hakumwambia Mihigo.

"Kocha, mutu anaweza kushinda amesimama?"

"Anaweza."

"Na miye?"

Mihigo alimtazama kwa makini, kuanzia mabegani hadi miguuni, kama anavyotazama kichwa kabla ya kukinyoa. "Weye, Mama Ntwari, hapana," alisema.

Ukumbi wa Mbarara ulikuwa na sakafu ya saruji iliyong'aa na mikeka halisi ya sponji, ya kijani na ya njano. Eliane aliikanyaga akaona imelainika mno, haina hata ganda moja la kumchoma. Nyiramana aliketi kwenye kiti cha mbele kabisa, kitenge cha bluu magotini, mkoba juu ya kitenge, mikono juu ya mkoba. Asubuhi walikuwa wamepeana mikono kabla ya kupanda gari.

Aliyepangiwa Eliane aliitwa Kembabazi, askari polisi wa palepale mjini, mwanamke mpana mwenye uso wa upole, ambaye alipofunga mkanda wake kiunoni ulibaki mfupi. Walishikana. Eliane alisimama. Alisimama kwa moyo wake wote, miguu imetanuka, mgongo umeinama, anafikiria kiti cha mbele. Kembabazi alimvuta kushoto, akaenda kushoto. Alimvuta kulia, akaenda kulia. Ilikuwa kama kushikilia mlango wa stoo upepo ukivuma.

"Gardi," Mihigo alisema kutoka pembeni, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Eliane hakwenda gardi. Kembabazi alijaribu kumtupa, akamnyanyua kidogo, kisigino kikaacha mkeka kikarudi. Mara nyingine kisingerudi. Angerushwa chini vibaya, mbele ya mama yake, ameanguka kweli, na kitenge cha bluu kingefunguliwa.

Pale alichagua. Kama ni kuwa chini, aende mwenyewe. Alishika ukosi wa kimono cha Kembabazi kwa mkono wa kulia, akaweka mguu nyongani kwake, akakaa, akalala, akamvuta aje naye, akafunga miguu nyuma ya mgongo wake mpana. Ilibidi akaze sana vidole vya miguu vishikane. Juu yake aliona taa za ukumbi na kidevu cha Kembabazi, na alijisikia yuko nyumbani.

Kisha aliona kitenge cha bluu.

Nyiramana alikuwa ameinuka. Alikuwa anatembea juu ya mkeka, kitenge kimefunguliwa mbele yake kwa mikono miwili, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuanua nguo. Mwamuzi, kijana mwenye tai ndogo, alipiga filimbi, akawaamuru wachezaji wasisogee, wabaki walivyo. Wakabaki walivyo.

"Mukaikuru!" aliita mwamuzi, yaani bibi kwa Kinyankole. "Hapa hapana ingia na viatu."

Nyiramana aliangalia miguu yake. Alikubali kosa. Aligeuka, akarudi hadi ukingoni, akavua kandambili, akazipanga vizuri moja kando ya nyingine, akarudi na kitenge.

Ukumbi ulicheka. Mwamuzi alifungua mdomo, akaona kwamba ametii alichoambiwa, akaufunga.

Nyiramana alisimama juu yao. Kembabazi, amefungwa kiunoni na mkono wa mtu shingoni, alikuwa amelelewa vizuri. "Jambo, mama," alisema.

"Jambo, mutoto wangu. Kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni Endiinzi, nyabo," alijibu Kembabazi kwa heshima.

"Muko na ng'ombe?"

"Ziko. Lakini hii jua imezimalizia majani."

"Poleni. Hata sisi kule zilikuwa mingi." Nyiramana alimwangalia binti huyu wa watu wa ng'ombe kwa uso uliolainika kidogo. Kisha alimwangalia wa kwake. "Eliane. Simama nikufunike."

"Mama, sijaanguka."

"Uko chini."

"Niko chini. Nimelala mwenyewe."

"Nani amekulalisha?"

"Hakuna. Nimelala miye mwenyewe, kwa kupenda. Hapa njo fasi yangu ya kazi."

Nyiramana alifikiri. Alimtazama Kembabazi aliyekuwa juu, anahema, na Eliane aliyekuwa chini, anapumua taratibu. Pengine aliona ni nani aliyemshika mwenzake, pengine hakuona.

"Mwenyewe?" aliuliza tena.

"Mwenyewe."

"Mama, tafadhali, muda," alisema mwamuzi.

Nyiramana alikunja kitenge, kona kwa kona, akarudi kwenye kiti chake. Eliane alipewa adhabu ya pointi moja kwa sababu mtu wake aliingia uwanjani, akaikubali. Mwamuzi akasema endeleeni.

Mkono wa kulia ulikuwa bado kwenye ukosi. Eliane aliuingiza ndani zaidi, mpaka kifundo kikagusa mshipa wa shingo, akavuta. Kembabazi si mjinga, alileta mikono yake yote miwili, akaung'ang'ania mkono ule, akaubana kwa kidevu. Mbili, alihesabu Eliane. Alifungua miguu, akapitisha goti moja tumboni kwa Kembabazi, mguu wa pili akaulaza chini kando ya magoti yake, akakata kama mkasi. Kembabazi aliinama upande, akahisi mkeka unamjia, akaachia mkono mmoja kuuweka chini asipinduke.

Shingo ikabaki na mmoja.

Mkono wa kushoto wa Eliane ulikuwa tayari uko njiani. Uliingia upande wa pili wa ukosi, ukashika. Kembabazi aliusikia, akaunyanyua ule aliouweka chini ili kuiokoa shingo, na hapo hakukuwa na kitu tena kati yake na sakafu. Mkasi ukakata mara ya pili. Alikwenda kama gunia linavyokwenda, pole pole kisha lote kwa mara moja, na Eliane akaenda naye, akajikuta amemkalia tumboni, taa za ukumbi sasa ziko nyuma yake, na ukosi uko palepale mikononi.

Akainama, akaleta viwiko karibu na mbavu zake.

Kembabazi alimpiga mgongoni, pap pap.

Eliane akafunguka. Aliinuka, akampa Kembabazi mkono wa kumwinua, wakacheka wote wawili, na Kembabazi akasema, huku anajishika shingo, "Wewe kumbe unalala chini kwa ujanja. Mimi nilijua nakushinda."

Mchezo wa pili alikutana na muuguzi kutoka Kabale na alishindwa kabla hajatoa jasho. Alilala chali, akafunga gardi, muuguzi akaifungua kama bahasha. Safari hii Nyiramana hakuinuka. Mwanamke mmoja kwenye kiti cha jirani alipoguna kwa huruma, Nyiramana alimgusa goti, akamweleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Usistuke. Amelala mwenyewe."

Eliane alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za ukumbi, kimono kimelowa. Mama yake alikuja akaketi kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Walikaa wakiangalia boda boda zinavyopita barabarani. Eliane alingoja ahukumiwe. Alikuwa amelala chini mara mbili, hadharani, mbele ya mji mzima wa Mbarara, na hakuwa na utetezi wowote.

"Ule mutoto wa Endiinzi," alisema Nyiramana. "Alikuwa anakusalimia."

"Saa ngapi?"

"Pale umemukalia. Alikupiga mugongo. Mutoto ana adabu. Weye ukamuachia, hata hujamuuliza kintu." Ilikuwa ni lawama, na Eliane alishangaa kwamba ndiyo lawama yenyewe. "Juu ya nini ulimuachia?"

"Ni sheria, Mama. Hapa mutu akikupiga mugongo, anasema imetosha, nimeshindwa. Unamuachia mbio, ao utamuumiza. Kocha alitufundisha mpaka mikono ikazoea. Sasa akipiga mutu yeyote, mikono inafunguka yenyewe."

"Mutu yeyote?"

"Yeyote. Hata kanisani. Mama muchungaji alikasirika."

Nyiramana aliondoa uzi kwenye kitenge cha bluu, akauangalia, akautupa.

"Siku nilitoka Rugaaga," alisema, "nilikukamata mu njia. Nilikupiga mugongo."

Eliane aligeuka kumtazama.

"Sikuwa nimeuliza hata habari ya batoto. Nilikuwa nimekaa kule mingi, nilikuwa nakuwaza. Nikakupiga hivi, ukaniachia. Ukabeba gunia yako ukaenda." Nyiramana aliongea akiitazama barabara. "Nikasema, mutoto wangu amechoka na miye. Nikaenda kukutafuta mu ile nyumba ya kanisa nikuulize, nikakuta umekamata muke wa shemasi kwa mikono na kwa miguu. Yeye umemukamata, miye umeniachia. Basi nikakupa mukono, isiwe nakusumbua."

Wiki zote zile Eliane alikuwa akiomba msamaha wa kulala.

"Si juu ya karate ya kulala?" aliuliza.

"Kulala ni yako. Nani amekukataza kulala? Mi nasemea kuachia." Nyiramana alikikaza kitenge magotini. "Mu ile vita ya kwanza ulikuwa mutoto, nakubeba mugongoni, batu baliniambia, Nyiramana, tua huyu mutoto, hautafika. Balisema hivyo kila kilima. Sikukuachia."

Boda boda moja ilisimama mbele yao, dereva akawatazama kama wanataka kwenda mahali, akaona hawaendi, akaondoka. Eliane alikuwa analia, na jasho lilimsaidia kuficha.

Nyiramana aliinuka. Alikikunjua kitenge cha bluu, akamfunika nacho mabegani, kwa kuwa alikwisha kukibeba. Kisha akasema neno moja kwa Kinyamulenge, la kumwambia ainuke, na Eliane, ambaye hakuwa amesemeshwa Kinyamulenge na mama yake tangu Jumatano ile, akainuka.

Mama yake alimshika mabegani, akamvuta kifuani. Alinuka moshi na sabuni, vilevile. Akampiga mgongoni.

Mikono ya Eliane iliruka. Ilikuwa imefundishwa vizuri na haikuwa na kosa, ilifunguka nusu kabla hajaiwahi. Akaiwahi. Akaikamata mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo mwembamba wa mama yake, kifundo kwa kifundo, akafunga.

Nyiramana alipiga tena, pap pap, kwa nguvu zaidi, na ilikuwa wazi kwamba anajaribu.

Mihigo alitoka mlangoni na begi la makimono, akawaona. Kocha ni kocha. "Mama Ntwari," alisema, "amekupiga. Achia."

Hakuna aliyemjibu. Nyiramana alikuwa ameanza habari za watoto, akapita kwenye habari za usingizi, akapita kwa waliobaki Minembwe mmoja mmoja kwa majina. Mwisho akauliza habari za ng'ombe.

Eliane, akiwa hajaachia, akamwambia kwamba ni wazima wote.